Kauli za Bismarck: ipi ni yake, ipi kabandikwa, na ipi imekatwa mkia

Kila muswada wenye utata unapofikishwa bungeni, na kila uchaguzi unapokaribia, picha ya mzee mmoja mwenye masharubu mazito na kofia ya kijeshi yenye ncha juu huanza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp ikiwa na maneno ya busara chini yake. Mara utasoma kwamba sheria ni kama soseji, na kwamba ni heri kutoona jinsi zinavyotengenezwa. Mara utasoma kwamba watu hawasemi uongo mwingi kama kabla ya uchaguzi, wakati wa vita na baada ya kuwinda. Jina linaloandikwa mwishoni ni lilelile: Otto von Bismarck. Hapo wasomaji hugawanyika. Wapo wanaoyapokea maneno hayo kama ushahidi wa kihistoria, na wapo wanaoyatupilia mbali yote kwa hoja kwamba kila kinachosambazwa mtandaoni ni cha kubuni. Pande zote mbili zinakosea. Baadhi ya kauli hizo ni za Bismarck bila shaka yoyote, nyingine hakuna anayeweza kuonyesha kwamba alizitamka, na zinazopotosha kuliko zote ni zile alizozisema kweli lakini zikatufikia zikiwa zimekatwa.

Bismarck alizaliwa tarehe 1 Aprili 1815 huko Schönhausen, katika ufalme wa Prussia. Aliteuliwa kuongoza serikali ya Prussia mwezi Septemba 1862, akaongoza mfululizo wa vita na mapatano yaliyoziunganisha dola nyingi za Kijerumani kuwa taifa moja mwaka 1871, kisha akawa Kansela wa kwanza wa Ujerumani mpya hadi Machi 1890, alipoondolewa madarakani na Kaizari kijana Wilhelm wa Pili. Alifariki tarehe 30 Julai 1898. Wakazi wa Mwanza wanalifahamu jina lake kwa sababu ya Jiwe la Bismarck, yale mawe yaliyopandana ndani ya maji ya Ziwa Victoria, na jina hilo halikufika huko kwa bahati. Tutalirudia jambo hilo, kwa maana mojawapo ya kauli zake maarufu inaihusu pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja.

Kabla ya kuzipima kauli zenyewe, ni vema tukubaliane kuhusu maneno matatu. Nukuu ni maneno ya mtu yaliyoandikwa jinsi alivyoyatamka, pamoja na kujulikana yaliandikwa wapi na lini. Simulizi ni maneno yaliyosikiwa na mtu mmoja au wachache faraghani, na msikilizaji akayaandika kwa kumbukumbu yake, pengine siku hiyohiyo na pengine baada ya miaka mingi. Kauli ya kubandikwa ni maneno tunayoambiwa kuwa ni ya fulani bila kuonyeshwa mahali popote alipoyasema. Nukuu ni ushahidi; simulizi ni ushahidi wa shahidi mmoja, na nguvu yake ni sawa na uaminifu wa shahidi huyo; kauli ya kubandikwa si ushahidi, hata ikiwa tamu namna gani.

Bahati nzuri ni kwamba Bismarck ni kiongozi ambaye maneno yake yanaweza kufuatiliwa. Bunge la Reichstag lilikuwa na waandishi wa hatimkato waliorekodi vikao vyake vya wazi, na kumbukumbu hizo zilichapishwa. Hotuba zake zilikusanywa na kuhaririwa tangu yeye mwenyewe akiwa hai. Moritz Busch, mwandishi wa habari aliyekuwa karibu naye, aliandika shajara ndefu ya mazungumzo yake ya mezani. Pamoja na hayo kuna kumbukumbu za maisha yake alizoimlisha baada ya kuondolewa madarakani, ambazo zinapaswa kusomwa kwa tahadhari, kwa kuwa ziliandaliwa na mzee mwenye kinyongo aliyetaka historia imhukumu vizuri. Kwa mtu aliyeacha karatasi nyingi kiasi hicho, kauli isiyoonekana popote katika karatasi hizo inabeba mzigo mzito wa kujithibitisha.

Kwa nini basi misemo ya watu wengine iangukie kwake? Wasomaji wa Kiswahili wanaijua hali hii kutokana na Abunuwasi. Abu Nuwas alikuwa mshairi halisi aliyeishi Baghdad zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, lakini hadithi nyingi za ujanja zinazosimuliwa pwani yetu kwa jina lake hazina uhusiano wowote na mashairi yake. Zilimfuata kwa sababu jina lake lilishakuwa nyumba ya kila hadithi ya mtu mwerevu. Bismarck naye alikuwa na ulimi mkali kweli, na kila msemo wa siasa wenye ukali wa namna hiyo na usiokuwa na mwenyewe umekuwa ukitafuta hifadhi chini ya jina lake.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa soseji. Hakuna hotuba, barua wala shajara ya wakati wake iliyoonyeshwa kuwa na maneno hayo. Maandishi ya zamani yanayojulikana yako Marekani: mwezi Machi 1869 magazeti ya huko yalimnukuu John Godfrey Saxe, mshairi na mwanasheria kutoka Vermont, akisema kwamba sheria, kama soseji, huacha kuheshimiwa kadiri tunavyozidi kujua zinavyotengenezwa. Saxe ndiye aliyeandika shairi maarufu la Kiingereza kuhusu vipofu na tembo, kila mmoja akishika sehemu yake na kudai kwamba amemjua tembo mzima. Jina la Bismarck lilianza kuunganishwa na msemo wa soseji katika miaka ya 1930, yaani zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake. Ni rahisi kuona sababu: Saxe alisahaulika, Mjerumani na soseji huenda pamoja katika mawazo ya watu, na maneno ya kejeli kuhusu bunge yananoga zaidi yakitoka kwa Kansela aliyegombana na mabunge maisha yake yote.

Soseji zinamwandama hata katika kisa kingine. Mwaka 1865 Bismarck alimwita Rudolf Virchow, daktari mashuhuri na mbunge wa upinzani, wapigane kwa silaha ili kuamua suala la heshima, na Virchow akakataa. Huo ndio ukweli wake. Kisa kinachosimuliwa, kwamba Virchow alichagua soseji mbili kuwa silaha, moja ikiwa na vimelea vya maradhi, na kumwambia Bismarck achague ya kula, hakina ushahidi wa wakati ule, ingawa kinavutia kwa sababu Virchow alikuwa kweli amechunguza minyoo ya nyama ya nguruwe.

Msemo wa uongo kabla ya uchaguzi, wakati wa vita na baada ya kuwinda uko katika hali hiyohiyo: hakuna aliyewahi kuonyesha ni wapi Bismarck aliutamka. Vivyo hivyo ule unaosema kwamba Mungu ana ulinzi maalumu kwa wapumbavu, walevi na Marekani. Imani kwamba Mungu huwalinda walevi na watoto ni ya kale kuliko Bismarck, na Marekani iliongezwa baadaye ili kuikamilisha kejeli.

Si kila kauli ya kubandikwa, hata hivyo, ilizuka baada ya kifo. Mojawapo ilibandikwa mbele ya macho yake, naye akaikana papo hapo. Mwezi Januari 1863 Prussia ilikuwa katika mgogoro wa katiba: bunge lilikataa bajeti ya jeshi, na serikali ikaendelea kutumia fedha bila idhini yake. Bismarck alijitetea bungeni kwa hoja kwamba katiba haikueleza kitu gani kifanyike pande zinazotakiwa kupitisha bajeti zikishindwa kuafikiana. Maisha ya dola hayawezi kusimama, kwa hiyo mapatano yakivunjika suala linakuwa la nguvu, na mwenye nguvu mikononi huendelea na njia yake. Mbunge mmoja, Maximilian von Schwerin, akasimama na kuifupisha hotuba hiyo kwa maneno matatu: nguvu hutangulia haki. Bismarck alipinga kwamba hakuyatamka maneno hayo. Alikuwa sahihi, kwa sababu hakuyatamka. Lakini naona Schwerin naye hakuwa mbali na ukweli, maana ukiifuata hoja ya Bismarck hadi mwisho wake, hapo ndipo unapofika. Kosa ni kuyaweka maneno ya mpinzani ndani ya alama za nukuu na kuandika jina la Bismarck chini yake, jambo ambalo linafanywa hadi leo.

Tukija kwenye kauli alizozisema kweli, tunakuta matatizo ya namna nyingine. Iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya damu na chuma. Tarehe 30 Septemba 1862, akiwa na siku chache tu madarakani, Bismarck aliwaambia wajumbe wa kamati ya bajeti ya bunge la Prussia kwamba masuala makubwa ya zama zile hayaamuliwi kwa hotuba na kura za wengi, na kwamba hilo ndilo lililokuwa kosa kubwa la mwaka 1848 na 1849, bali kwa chuma na damu. Chuma kilitangulia. Vinywa vya watu vikapindua mpangilio ukawa damu na chuma, na miaka mingi baadaye yeye mwenyewe aliufuata mpangilio huo mpya alipoirejea kauli hiyo bungeni. Kwa kuwa kilikuwa kikao cha kamati, hakukuwa na waandishi wa hatimkato, na tunayapata maneno hayo kupitia magazeti ya siku zile.

Mpangilio wa maneno si jambo kubwa. Kubwa ni kile kilichokatwa. Kauli hii husambazwa kana kwamba Bismarck alikuwa akiisifu vita kwa jumla, au akitabiri vita za karne ya 20. Yeye alikuwa akiwaomba wabunge fedha za jeshi, na hoja yake ilikuwa kwamba Wajerumani wa dola nyingine hawaitazami Prussia kwa sababu ya siasa zake za uhuru, bali kwa sababu ya nguvu zake. Mwaka 1848 na 1849 wabunge waliokusanyika Frankfurt walijaribu kuiunganisha Ujerumani kwa mijadala na katiba, wakashindwa pale mfalme wa Prussia alipolikataa taji walilompelekea. Msikilizaji wa mwaka 1862 alielewa mara moja dongo hilo linamwangukia nani. Msomaji wa leo, aliyepewa maneno mawili tu, hawezi kuelewa. Ni kauli ya kutisha hata ikirudishwa mahali pake, na vita 3 zilifuata ndani ya miaka 9. Lakini ni tishio lenye anwani.

Ile isemayo kwamba siasa ni sanaa ya yale yanayowezekana imepita njia nyepesi zaidi. Mwaka 1867 Bismarck alizungumza na mwandishi wa gazeti la Kijerumani lililochapishwa St. Petersburg, akasema kwamba siasa ni elimu ya yanayowezekana. Katika hotuba nyingine alisisitiza kwamba siasa si sayansi kama maprofesa wanavyodhani, bali ni sanaa. Watu wakaziunganisha kauli mbili zikawa moja, na hakuna madhara makubwa yaliyotokea, kwa kuwa wazo ni lake katika sehemu zote mbili.

Kauli za Balkani, eneo la kusini-mashariki mwa Ulaya, zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Ya kwanza ni nukuu halali: tarehe 5 Desemba 1876, uasi dhidi ya utawala wa Waturuki ulipokuwa umelitikisa eneo hilo na Urusi ikijiandaa kwa vita, Bismarck aliliambia Bunge la Reichstag kwamba hatashauri Ujerumani ijiingize maadamu haoni humo maslahi yoyote ya Ujerumani yanayostahili mifupa mizima ya askari mmoja wa bunduki kutoka Pomerania. Wasimulizi wamembadilisha askari huyo wa kawaida kuwa wa kikosi teule, na, lililo baya zaidi, wameigeuza sentensi ikawa tusi kwa watu wa Balkani, kana kwamba alisema nchi yao yote haina thamani ya mifupa hiyo. Alichokuwa akikipima ni maslahi ya Ujerumani. Hakuwa akipima utu wa watu wengine.

Ya pili ni utabiri kwamba vita kuu ya Ulaya ingezuka siku moja kwa sababu ya upuuzi fulani katika Balkani. Hiyo ni simulizi, na safari yake inafaa kuangaliwa kwa makini. Inaelezwa kuwa Bismarck alimwambia Albert Ballin, mkurugenzi wa kampuni ya meli ya Hamburg, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Ballin aliyasema hayo London mwezi Julai 1914, wakati mrithi wa kiti cha enzi cha Austria alikuwa ameshauawa Sarajevo na upuuzi wenyewe ulikuwa umeshaanza. Winston Churchill ndiye aliyeyachapisha, katika kitabu chake kuhusu vita hiyo kilichoanza kutoka mwaka 1923, Ballin akiwa amekwisha kufariki. Inawezekana kabisa kwamba Bismarck alisema hivyo, kwani alikuwa na wasiwasi na eneo hilo kwa miaka mingi. Lakini utabiri unaoandikwa baada ya tukio, kupitia vinywa viwili, hauwezi kupewa uzito uleule wa kumbukumbu ya hatimkato ya mwaka 1876.

Mfano wa kukatwa mkia kwa maana kamili ni hotuba ya tarehe 6 Februari 1888, akitetea muswada wa kuongeza nguvu ya jeshi. Sisi Wajerumani, alisema, tunamwogopa Mungu, na si kitu kingine chochote duniani. Hapo ndipo wachoraji wa kadi na mabango walipoweka nukta, na kwa nukta hiyo kauli ikawa majigambo ya kivita. Yeye hakuweka nukta. Aliendelea kusema kwamba huko kumwogopa Mungu ndiko kunakotufanya tuipende amani na kuitunza. Nusu ya sentensi ilitumika kuwatia watu hamasa ya vita, wakati sentensi nzima iliishia kwenye amani.

Ni haki kukumbusha kwamba Bismarck mwenyewe aliijua vizuri kazi ya mkasi. Mwezi Julai 1870 alipokea telegramu kutoka mji wa Ems iliyoeleza mazungumzo ya mfalme wake na balozi wa Ufaransa, akaifupisha bila kuongeza uongo ndani yake, akaitoa kwa magazeti. Kwa kupunguzwa tu, maneno ya adabu yaligeuka kuwa kama kofi, na Ufaransa ikatangaza vita tarehe 19 mwezi huohuo. Anayedhani kwamba nukuu iliyofupishwa haina madhara maadamu kila neno lililobaki ni la kweli, na akisome kisa hicho.

Wapo wanaouliza kama sauti yake ipo. Ipo. Tarehe 7 Oktoba 1889 fundi wa Thomas Edison, Theo Wangemann, alimrekodi nyumbani kwake Friedrichsruh, na mwaka 2012 ilitangazwa kwamba sauti iliyo katika silinda hiyo ya nta imetambuliwa kuwa yake. Ndani yake anakariri mistari ya wimbo wa Kimarekani, shairi la Kijerumani, wimbo wa wanafunzi wa Kilatini na mwanzo wa wimbo wa taifa wa Ufaransa, kisha anamwachia mwanawe ushauri wa kuwa na kiasi katika kazi, katika kula, na hasa katika kunywa. Video yoyote inayodai kukusikilizisha Bismarck akitamka damu na chuma ni ya kutungwa.

Sasa tufike kwenye kauli inayotuhusu. Tarehe 5 Desemba 1888 msafiri na mwandishi wa habari Eugen Wolf alikwenda Friedrichsruh kuzungumza na Kansela. Ulikuwa wakati ambapo Wajerumani wengi walishabikia kupeleka msafara kumwokoa Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana huko kusini mwa Sudan, na kupitia msafara huo kutanua eneo lao katika Afrika ya kati. Wolf alieleza baadaye kwamba Bismarck alimjibu hivi: ramani yako ya Afrika ni nzuri sana, lakini ramani yangu ya Afrika iko Ulaya, hapa ipo Urusi, na hapa ipo Ufaransa, nasi tuko katikati, hiyo ndiyo ramani yangu ya Afrika. Wolf aliyachapisha maneno hayo mwaka 1904. Ni simulizi ya shahidi mmoja, lakini yenye tarehe, mahali na mazungumzo yanayoeleweka, na wanahistoria wengi huikubali kwa kuwa inalingana na siasa zake za nje.

Tatizo ni matumizi yake. Kauli hii hunukuliwa kuthibitisha kwamba Bismarck hakuwa na haja na Afrika, na kwamba ukoloni wa Kijerumani ulikuwa kazi ya watu wachache wenye tamaa, kama Carl Peters, mwanzilishi wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, waliomvuta asikotaka kwenda. Tuyatazame matukio. Peters alirudi kutoka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akiwa na karatasi alizoziita mikataba na machifu, na tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, serikali ya Bismarck ikampatia barua ya ulinzi wa Kaizari. Sultani Barghash wa Zanzibar alipopinga, manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya mji wake mwezi Agosti mwaka huohuo. Mwezi Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilianza kutwaa utawala wa miji ya pwani, na Pangani ikawa ya kwanza kuwaka, chini ya uongozi wa Abushiri bin Salim. Wakati Bismarck akizungumza na Wolf kuhusu ramani yake, manowari za Ujerumani na Uingereza zilikuwa zimeshaanza kuizingira pwani hiyohiyo.

Kwa hiyo maneno yake kwa Wolf yalikuwa jibu kwa ombi mahususi: hakutaka msafara ambao ungemgombanisha na Uingereza, wakati hofu yake ilikuwa Urusi na Ufaransa. Hayakuwa ahadi kwamba angeiacha pwani. Haikupita hata miezi miwili kabla serikali yake haijapata idhini ya Bunge la Reichstag kutumia maraka milioni 2 katika Afrika Mashariki, na ofisa Hermann Wissmann akatumwa akiongoza jeshi la askari walioandikishwa Misri, wengi wao Wasudani, pamoja na wengine kutoka Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, mwaka mmoja na siku 10 baada ya mazungumzo yale ya Friedrichsruh, na Bismarck alikuwa bado Kansela.